Tembo niliyemsifia yuko kwenye mahindi ya mama

Asubuhi nimemsifia tembo, jioni kaingia shamba la mama yangu.

Kazi yangu mnaijua, natembeza wageni hifadhini Ruaha. Leo tumemkuta dume mmoja mtoni, sikio la kushoto limechanika hadi katikati. Nikawaambia wageni, "Huyu mpole, namjua miaka mingi." Wakapiga picha mpaka wakachoka.

Saa kumi mama ananipigia kutoka kijijini. Nyuma nasikia masufuria yanagongwa.

"Yuko shambani! Ana sikio limechanika!"

Akaendelea:

"Mwanangu, si wewe unawajua hawa? Mwambie atoke!"

Jamani. Nimwambie kwa lugha gani?

Nikawapigia askari wa wanyamapori. Gari lao liko kijiji kingine, wanafukuza wengine. Kumdhuru mwenyewe ni jela. Na niseme ukweli, hata pale sikutaka afe.

Dada akatuma picha. Ni yule yule, mahindi yananing'inia mdomoni.

Mgeni mmoja, bibi mstaarabu kabisa, akaomba aione. Akashika kifua. "Mama yako ana bahati! Anamwona bure, nyumbani kwake!"

Mara mama akapiga tena, akaisikia sauti ya yule bibi. "Huyo mzungu anasemaje?"

Nikamwambia, "Anakupa pole."

Mama akasema, "Mwambie asante. Mwambie Mungu ambariki."

Mpaka sasa niko na yule bibi mezani tunakula, na ile asante bado ninayo mimi. Nyie mngeifikisha?