Dobi Akagua Chuo cha Uuguzi

Mama yangu ni dobi, na kwa imani yake hakuna siri ya mtu isiyoonekana kwenye kola. Anajua jirani yupi anakunywa kwa kujificha na mwalimu yupi anakula kitandani. Ukimbishia, anakuletea shati kama ushahidi.

Kwa hiyo nilipomwambia nataka kujiunga na chuo binafsi cha uuguzi, kile chenye geti la buluu, hakuuliza hata ada.

"Kile ninachofua sare zake?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi pale hakuna nesi. Miaka mitatu nafua, sijakutana na tone la damu wala la iodini. Soda, wino na rangi ya mdomo, basi. Hao wanasomea unesi au ubibi harusi?"

Nilikasirika nikatamani kulipiga teke beseni. Chuo cha serikali kilishaninyima nafasi mara mbili. Wenzangu niliomaliza nao wako wodini, mimi naanika mashuka ya watu! Hiki cha binafsi kingenipokea Jumatatu ijayo. Kina kompyuta, walimu hawagomi, unatembea kwa miguu kutoka nyumbani, na sakafu yote ni vigae. Nikamtajia yote hayo. Akasema vigae hata chooni vipo.

Hata hivyo tukaenda kuona. Mkuu wa chuo, bwana mmoja mwenye suti iliyochakaa viwiko, alitupokea kwa tabasamu la muuza viwanja. Akatuonyesha chumba cha mazoezi: kitanda kimoja, na juu yake mdoli mkubwa asiye na mkono.

"Na wagonjwa wenye mikono wako wapi?" Mama akauliza.

"Hospitali watakwenda, mama. Ratiba inaandaliwa."

"Haya. Niitie wa mwaka wa mwisho anipime presha."

Akaitwa binti mmoja, sare imenyooka. Akamfunga Mama mkanda mkononi, akatia mipira masikioni, akajaza upepo huku macho yote yako kwa mkuu.

"Mia na ishirini kwa themanini. Uko vizuri sana, mama."

Presha ya Mama haijawahi kuwa hiyo tangu anizae, na mwenyewe husema mimi ndiye niliyeipandisha. Binti alikuwa amesoma namba ya kitabuni. Sikungoja kuambiwa.

"Mama, twende," nikasema, na nilikuwa karibu kulia.

Tulishafika getini yule binti alipotukimbilia, mashine kwapani, machozi yanamtoka.

"Mama, nisamehe. Sikusikia kitu, na mkuu alikuwa ananitazama. Nimebakiza miezi minne nimalize, na sijawahi kumpima mgonjwa hata mmoja."

Nilijua sasa Mama atamvua nguo kwa maneno. Wapi! Alikaa kwenye benchi la mlinzi, akapandisha mkono wa gauni.

"Anza upya. Mimi siendi popote."

Mara ya kwanza akakosea. Mara ya pili mkanda ukafyatuka, mlinzi akacheka, Mama akamwambia afunge domo lake. Mara ya nne binti akatulia, akashusha upepo polepole, akasikiliza kwelikweli. Uso ukambadilika.

"Mia na themanini kwa mia na kumi." Akachuchumaa mbele yake. "Mama, dawa unameza?"

"Anameza kila asubuhi," nikadakia.

"Dada, nimemuuliza mama."

Mama akatazama viatu vyake. "Nina wiki tatu sijazigusa. Zinanipeleka chooni kila saa, nami nina nguo za watu kwenye maji. Nitafua saa ngapi?"

Tunalala chumba kimoja mimi na yeye. Miaka miwili nalilia unesi, na swali lile sijawahi kumuuliza.