Viwiko vya Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wa kemia, shemeji yake Alistidia, huigiza molekuli kwa mikono popote alipo, vidole vyeupe kwa chaki hata Jumapili. Akiinyoosha mikono yote, hiyo ni kabonidaioksaidi: pande zinavutana sawa, haina ncha za umeme. Akikunja viwiko, ni maji, yenye ncha hasi na chanya. Wageni kutoka Kagoma walipokuja Kanazi kumposa binti wa Alistidia, mama huyo mjane, akihofia aibu, alimkabidhi mwalimu kikapu cha kahawa ya kutafuna, ya kukaribishia wageni, ili mikono yake itulie. Mshenga akauliza kwa upole, "Mwalimu, mbona maji hukataa mafuta?"

Viwiko vikapaa, kahawa ikawanyeshea wageni. Alistidia akafumba macho. Mshenga akaokota punje kwenye kofia yake, akaitafuna.

"Mama, tumekaribishwa mpaka kichwani. Binti tunamtaka."