Oili Chafu Chemchemini

Watu hupenda kusema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Mimi methali hiyo siitaki kuisikia ikitajwa juu ya mwaka ule wa vita Kampala. Mwanajeshi aliyetuharibia chemchemi hakuwa akipigana na mtu. Alikuwa amekalia debe, anakunywa chai.

Tulikaa chini ya kilima cha Lubaga, mimi na mume wangu, wahamiaji kutoka Bukavu. Tulipanga vyumba vya nyuma kwa bibi mmoja Mganda, ambaye sote tulimwita jjajja, yaani nyanya, kana kwamba ndiye aliyetulea. Mabomba yalikuwa yamekauka kitambo. Serikali ya wanajeshi ilikuwa na fedha za vifaru, si za kutengeneza pampu. Maji ya mtaa mzima yalitoka chemchemi ya bondeni. Siku ya bulungi bwansi, kazi ya pamoja, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, tukafyeka na kuzibua mfereji. Jjajja alisimama pembeni akimgombeza yeyote aliyekanyaga penye maji na viatu. Hata katekista aligombezwa, akavua.

Ndipo jeshi, tena jeshi letu wenyewe, likaegesha malori pale. Walikuwa wakibadilisha oili na kuimwaga ile chafu palepale maji yanapotokea. Nilichota, nikaona utando mweusi unang'aa juu ya debe. Nikayachuja kwa kitenge, nikayachemsha, bado yakanuka gereji. Watoto wa jirani walitapika na kuharisha hadi wakabaki macho tu. Na bado tuliyanywa, kwani tungekunywa nini?

Majirani walinituma mimi, kwa sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini na wao walikiogopa. Nikateremka hadi kwenye malori.

"Jambo, afande," nikamwambia sajini. "Tunaomba mumwage oili mbali kidogo na maji. Watoto wanaugua."

Hakuinuka kwenye debe lake. "Mama, hii ni vita. Wewe nafikiri adui nangoja sisi natafuta mahali ya kumwaga oili? Enda nyumbani."

Vita! Ukishalitaja neno hilo, basi, kila uchafu umepata ruhusa. Miaka mingi baadaye nilimsikia mwanasheria redioni akieleza kwamba sheria za kimataifa zinakataza kuharibu maji ya kunywa ya raia, hata risasi zikiwa zinalia. Nilizima redio kwa hasira. Hakusema uongo yule bwana. Ila sheria hiyo ilikuwa wapi nilipokuwa nachuja oili kwa kitenge? Na nani aliwahi kuulizwa habari ya chemchemi yetu?

Mchana mmoja wa jua kali, sajini yuleyule alibisha hodi kwa jjajja, anataka maji ya kunywa. Jjajja alipiga magoti, kama mwanamke wa Kiganda anavyompokea mgeni, akamnyooshea kwa mikono miwili kikombe chake kizuri cha Krismasi. Ndani yake utando uling'aa.

"Hii nini?" akauliza sajini.

"Kunywa, ssebo," akajibu jjajja kwa upole. "Hii maji sisi nakunywa kila siku."

Niliganda mlangoni. Watu walikuwa wakiuawa kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini sajini alikitazama kikombe, akamtazama mwanamke aliyepiga magoti mbele yake, akakiweka chini taratibu na kuondoka. Nilidhani ameona aibu. Nilifurahi kijinga, nikamwambia mume wangu kwamba hata huyo kumbe alizaliwa na mama.

Oili iliendelea kumwagwa. Majirani hawakungoja aibu ya mtu. Walipanda mteremkoni penye majani mabichi, wakachimba, wakapokezana majembe hadi maji yakachuruzika, machache lakini meupe. Jjajja aliyaonja wa kwanza, akalia.

Asubuhi iliyofuata nilipanda na debe langu. Nikamkuta askari mwenye bunduki amesimama juu ya kisima chetu, ametumwa na sajini.

"Rudi, mama," akaniambia. "Hii maji ya jeshi. Raia nachafua."