Siku Dilnashini Alipovaa Buibui la Mama

Harufu ya bizari ikikaangwa kwenye samli hunirudisha mara moja uani kwa Mama Gulu, nyuma ya duka lao la nguo mjini Lindi, enzi za Mwingereza, nikiwa bado msichana mdogo. Mama yangu, mzaliwa wa Kilangala aliyeolewa mjini, alikuwa akimshonea Mama Gulu foronya na magauni ya watoto, nami nilimfuata kila alipokwenda, kwa kuwa uani mle kulikuwa na gramafoni. Mama Gulu alikuwa na santuri nyingi za nyimbo za sinema za Kihindi, na zaidi ya zote alizipenda za Dilnashini. Lindi nzima ilimpenda Dilnashini. Picha zake zilioneshwa katika ghala la zamani la ufuta, na Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake peke yao. Kihindi hatukukijua hata chembe, lakini nyimbo zake tulizikariri zote, tukizitamka jinsi masikio yetu yalivyozipokea, tukaziimba visimani, jikoni na harusini.

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, tuliingia uani tukamkuta mwanamke mgeni akichambua mchele. Alivaa nguo nyeupe tupu, bila hata bangili moja. Nikamtazama usoni, nikalikamata buibui la mama. "Mama, ni yeye! Ni Dilnashini!" Mama alinifinya, lakini nilikuwa nimechelewa kunyamaza. Mama Gulu akaenda kuufunga mlango wa uani, akarudi akiwa na wasiwasi. "Mama Zuhura, huyu ni dada yangu," alimwambia mama. "Tafadhali, usimwambie mtu. Baba Gulu hataki ijulikane."

Hapo ndipo tulipopata habari zake, kidogo kidogo, mchele ukiendelea kuchambuliwa. Dilnashini alizaliwa katika nyumba ya wapiga ngoma na waimbaji, akaanza kuimba jukwaani kabla meno ya utoto hayajamtoka. Mtengeneza sinema mmoja alimsikia, akamchukua, na muda si mrefu uso wake ukawa kwenye kuta za miji yote ya Bara Hindi. Kisha akaolewa na tajiri aliyemkataza kabisa kuigiza na kuimba. Alikubali, kwa kuwa alimpenda. Sasa mume amefariki, na mashemeji zake wamemwapia kwamba akirudi kwenye sinema hawatamtambua tena. Ndiyo maana alipanda meli kuja kwa mdogo wake, apumzike na kufikiri. Mama Gulu alipokuwa akitufasiria hayo, vidole vya dada yake vilitembea kwenye ungo. Mwishowe alisema neno, na Mama Gulu akalifasiri kwa shida: "Anasema watu wameshamsahau."

Mama alicheka kwa sauti. "Wamemsahau? Mwambie Jumatano hii wanaonesha picha yake. Mwambie aje aone!"

Mama Gulu alishtuka. Baba Gulu angesemaje? Mama alivua buibui lake palepale, akamvisha Dilnashini, akamfunika uso mpaka yakabaki macho. Akarudi nyuma kumtazama. "Haya, nani atamjua? Huyu sasa ni shoga yangu kutoka Kilwa." Kwa mara ya kwanza nilimwona Dilnashini akicheka.

Jumatano hiyo ghala lilijaa pomoni. Kulikuwa na wanawake wa mjini wenye asumini kichwani, wakulima waliotoka Nyangamara na watoto mgongoni, wake wa Mabaniani na wa masharifu, wote wamebanana kwenye mabenchi. Tuliketi katikati, Dilnashini baina yangu na mama. Alipotokea kwenye pazia la sinema, kijana, amebeba mtungi, vigelegele vilipasua bati. Nilihisi mkono wake ukiutafuta wangu gizani.

Kisha ukaja ule wimbo mkubwa, ambao kila harusi ya Lindi ilikuwa nao. Ubeti wa kwanza haujaisha, mashine ikakoroma na sauti ikakatika. Midomo yake ikawa inacheza kwenye pazia bila kutoa kitu. Tukaguna. Halafu mwanamke mmoja wa mbele akauendeleza pale ulipokatikia. Wa pili akadakia, na mara ghala zima likawa linaimba, Kihindi chetu cha kubahatisha, makofi na yote! Nikamgeukia Dilnashini. Nikadhani analia, na kweli alikuwa akilia, lakini alikuwa anaimba pia. Sauti ikapanda juu ya zetu zote, ileile ya kwenye santuri, na mmoja baada ya mwingine wakanyamaza, wakageuka. Akasimama. Akaifunua shela.

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Wazee waliokuwa msikitini walidhani ghala linaungua.

Jua halijazama, habari zilikuwa zimefika dukani. Sisi tulikuwa uani, tunangoja hukumu. Baba Gulu aliingia na kofia mkononi, akamtazama shemeji yake aliyekuwa bado ndani ya buibui la mama. "Ndugu za marehemu watasema," alimwambia kwa lugha yao, na Mama Gulu akatunong'oneza maana.

"Wameshasema," Dilnashini akajibu. "Leo nimesikia wengine wakisema. Narudi kazini."

Baba Gulu akamgeukia mama. "Kweli wanawake wa Lindi waliimba Kihindi?"

"Wote, Baba Gulu."

Akatikisa kichwa, na tabasamu likamtoka bila yeye kupenda. Meli ilipokuja, alimsindikiza shemeji yake bandarini mwenyewe, mchana kweupe, huku wanawake wamejaa ufukweni. Miaka michache baadaye picha yake mpya ilifika Lindi. Sasa aliigiza mama mtu, nywele zimeingia mvi, na vigelegele vilikuwa vilevile.

Siku hizi wajukuu zangu hutazama tamthilia za Kihindi kwenye simu, zimetiwa Kiswahili, wanaelewa kila neno, kila mmoja kwenye kona yake. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani msanii alifichwa uani kwa aibu. Ila aibu hiyo haijaisha yote. Mwezi uliopita mwanangu alinipigia simu, amekasirika: binti yake anataka kwenda Dar es Salaam kuigiza filamu. "Shikamoo mama. Anakusikiliza wewe peke yako. Mkataze."

"Marahaba," nikamwambia. "Mpe simu." Na mtoto alipoipokea, nilimuuliza anaondoka na basi la saa ngapi.