Nimekuletea Chupa

Kanisani kwetu Kiplombe wananiombea nisamehe. Waendelee kuomba. Nimesamehe watu wengi maishani, hata aliyetuibia ng'ombe, lakini yule mwenye duka la dawa sijamsamehe na sioni nikianza leo.

Macho ya mama yalianza kuwasha msimu wa kuvuna ngano. Mashine ilipopita mashambani, vumbi lake lilimfuata hadi jikoni, na ikifika Jumapili macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi. Hilo lilimuuma kuliko kuwashwa kwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mtu wa kuzunguka boma kwa boma akikemea pombe ya busaa, na sasa wale wale aliowakemea walimtazama usoni wakacheka chini chini.

Nilimpeleka hospitali mjini. Daktari alimpa kichupa cha dawa ya matone, akamwambia aitie kwa wiki mbili kisha arudi apimwe. Mama alikuwa mtu wa kutii. Alinawa mikono, akatikisa kichupa, akavuta ukope wa chini, tone likaingia. Haikupita wiki macho yakawa meupe kama ya mtoto, naye akarudi kukaa kiti cha mbele kanisani.

Kwa daktari hakurudi. Foleni ya hospitali ilikula siku nzima, na dawa ilikuwa imefanya kazi, sasa arudi kufanya nini? Macho yalipoanza kuwasha tena, alifanya kama tulivyofanya sote na soda. Huwezi kubeba soda ya dukani bila kupeleka chupa tupu. Alifunga kile kichupa kwenye kitambaa, akaenda duka la dawa, akakiweka juu ya kaunta. Mwenye duka alisoma karatasi iliyobandikwa kwenye kichupa, akakitupa kwenye debe, akampa kingine. Hakuuliza barua ya daktari. Hakuuliza ameitumia kwa muda gani. Kwa mama, chupa tupu ndiyo iliyokuwa ruhusa.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Mama hakwenda shule. Yule bwana alikuwa na cheti ukutani, kimewekewa kioo, karibu na picha ya Rais. Siku moja niliandamana na mama, nikamuuliza kama dawa hiyo haina shida mtu akiitumia kila mara.

Alicheka. "Mwalimu, hii ni kama chai tu. Kwani mama yako haoni vizuri?"

Kweli alikuwa akiona vizuri. Karibu mwaka mzima alitia tone asubuhi na tone jioni, na macho yake yakawa meupe kuliko yangu. Kisha akaanza kugonga mlango kwa bega. Akamwaga chai nje ya kikombe. Siku moja alimkanyaga kuku aliyekuwa amelala pembeni pake, tukamcheka, naye akacheka pamoja nasi.

Hospitali walimpima presha ya macho. Mimi nilidhani presha ni ya damu peke yake. Daktari wa safari hii, mwanamke mwenye sauti ya chini, alinieleza polepole. Dawa ile hutuliza uvimbe, na daktari akiisimamia inaweza kuokoa jicho. Lakini mtu akiitumia muda mrefu bila kupimwa, presha inaweza kupanda ndani ya jicho kimya kimya, bila maumivu, hadi mshipa unaomfanya aone uharibike.

"Ndiyo sababu aliambiwa arudi," akasema. "Sasa asiiache ghafla, tutampunguzia. Presha pia tutajaribu kushusha. Lakini nuru yenye imepotea, haitarudi."

Mama alibaki na mwanga tu, kama wa dirisha lenye pazia zito.

Nilitaka kumshtaki yule bwana. Nani angenisikiliza? Alikuwa mtu wa chama, na chama kilikuwa kimoja. Chifu alikunywa chai dukani kwake. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia kwa upole kwamba walimu wenye mdomo walikuwa wakipelekwa Timboroa, kule juu milimani, kufundisha baridi. Nikanyamaza. Lakini hasira niliipika kama githeri, moto mdogo, kutwa nzima.

Ndipo yule bwana akaamua kugombea udiwani, na mwaka huo ulikuwa wa mlolongo. Hakukuwa na karatasi ya siri. Ulisimama nyuma ya mtu wako uwanjani, mchana kweupe, majirani wote wakikuona.

Mama aliniambia nimvalishe sare ya akina mama wa kanisa. Tulipofika uwanjani akasema, "Nipeleke kwa mlolongo wake." Nilidhani amechanganyikiwa, lakini nikamshika mkono tukaenda. Yule bwana alitupokea kwa mikono miwili. Mlolongo wake ulikuwa umejaa wanawake, wengi wao wateja wake.

"Karibu, Mama. Simama hapa mbele kabisa."

Mama alifungua kitambaa, akatoa kichupa cha mwisho.

"Mheshimiwa, nimekuletea chupa," akasema kwa ile sauti yake ya kuanzisha nyimbo. "Kila nikileta chupa unanipa ingine. Leo nipe macho."

Yule bwana akasogea karibu, akashusha sauti.

"Mama, hayo si mambo ya leo."

"Ni ya lini? Niambie siku, nitakuja."

Mama akageukia zilikotoka sauti za wanawake. "Nyinyi mnaonunua hii dawa kwake, nani amepimwa presha ya macho? Msiitupe tu ghafla. Endeni hospitali mpimwe, na mumwambie daktari ni nani aliwapa."

Wa kwanza kutoka alikuwa mwimbaji wa kwaya. Alivuka uwanja peke yake akasimama upande wa mpinzani. Wakafuata wawili, kisha kundi zima. Nilimtazama yule bwana usoni muda wote huo, nikafurahi, na sitadanganya kwamba nilimhurumia.

Afisa wa uchaguzi alihesabu, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa ndio mrefu. Mwaka huo mambo hayo hayakumshangaza mtu. Yule bwana alibebwa juu juu, huku mama bado ameshika kichupa mkononi.

Jumamosi iliyofuata, tulikiweka kwenye ngazi ya duka lake. Jumamosi ya pili tulikuta vingine vimepangwa kando yake. Alileta askari wa kulinda mlango. Wanawake walimwamkua askari vizuri, wakainama, wakaweka vyao. Utamshtaki nani kwa kurudisha chupa? Mteja alifika kwenye ngazi, akatazama vile vichupa, akageuka. Udiwani alibaki nao, ila duka lilifungwa, likawa la kuuza mbolea.

Nilikimbia nyumbani kumwambia mama. Alikuwa nje ya jikoni akichambua maharagwe, vidole vikitafuta mawe. Nilitarajia ashangilie kama mimi.

"Afadhali," akasema.

Akaendelea na maharagwe yake. Kisha akaniomba niwashe taa, giza limeingia. Ilikuwa saa nane mchana.