Mama Randa na Jina Lililochelewa Kushika

Habari hii nimeipata kwa Mama Randa mwenyewe, Jumamosi iliyopita, akiwa amepiga magoti kunirekebishia mlango wa jikoni, penseli sikioni.

Saa moja asubuhi, karakana yake nyuma ya nyumba imeshachangamka. Seremala huyu wa miaka hamsini na mbili anapaka gundi kwenye miguu ya kitanda, anaibana kwa jiriwa, kisha anaiacha. Kazi alifundishwa na baba yake. Watu walipomcheka kwamba mwanamke na randa wapi na wapi, alilichukua jina lao la dhihaka akalifanya lake.

Simu inaita. Ni matroni wa bweni la wanafunzi wauguzi, anayetafuta vitanda arobaini.

“Mama, kile kiungo cha picha ulichonitumia, wanakamati wetu wa ununuzi wamegoma kukifungua,” anasema. “Kirefu kama mkia wa kenge, herufi na namba tupu. Wanaogopa matapeli. Wanakaa kesho saa tatu. Huna anwani ya mtandaoni yenye jina lako?”

Hana. Kwa mwezi anauza vitanda viwili, akibahatika vitatu. Arobaini ni kazi ya zaidi ya mwaka.

Alimwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta. Ilipofika saa nne jina lilikuwa limeshanunuliwa, kwa bei ya mbao mbili.

“Sikiliza, shemeji,” alimweleza. “Jina tumelinunua kwa watu wengine, picha zako zinakaa kwa wengine. Kwa wauza jina tunaandika mstari mmoja: anayemuulizia Mama Randa, mpelekeni kule kwenye picha. Na kule kwenye picha tunawaambia kwamba jina hili ni lako. Habari ikishaenea, linafunguka. Inaweza kuchukua saa nyingi. Usiguse!”

Aligusa. Saa tano, shemeji akiwa ameshaondoka, alilijaribu jina kwenye simu yake, halikufunguka. Akaufuta mstari, akauandika upya. Saa saba akaufuta tena. Saa tisa aliuondoa kabisa, akaweka wa kwake aliobuni mwenyewe.

Saa kumi shemeji alirudi, akaangalia, akashika kichwa.

“Shemeji! Kila ukifuta unairudisha safari nyuma!”

“Sasa nikae tu nautolea macho ukuta?”

“Gundi unaibana muda gani?”

“Mpaka kesho yake.”

“Na unaifungua kila baada ya saa mbili uone kama imeshika?”

Mama Randa aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. “Nenda zako huko! Umenipata.”

Mstari uliandikwa upya, na simu akakabidhiwa mume. “Kaka, hata akilia usimpe,” shemeji aliagiza. Naye hakwenda kwake. Alibaki sebuleni, roho juu.

Mama Randa hakupata lepe la usingizi. Kulipopambazuka mumewe akalijaribu jina. Vitanda vikajitokeza kimoja baada ya kingine, na juu yake limeandikwa: Mama Randa.

“Mke wangu, njoo ujione!”

Mama Randa alimtumia matroni anwani hiyo papo hapo. Mume akaenda kazini, na wawili waliobaki wakakaa karakanani na simu katikati yao kama mgonjwa. Iliita saa tano kasoro.

“Wamefungua wote, hata mwenyekiti,” alisema matroni. “Wanataka kimoja cha mfano Jumatatu. Kikiwaridhisha, kazi yote ni yako.”

Mama Randa aliketi juu ya kitanda ambacho hakijapakwa rangi bado.

“Tukipewa kazi hii, nachukua wanawake wawili niwafundishe,” alisema. “Wapo wanaosimama pale mlangoni kuangalia, wanaona haya kuuliza. Safari hii nitawaita mimi. Au unasemaje, shemeji?”

Shemeji alikuwa anakoroma kwenye kiti, mdomo wazi.

“Haya. Ngoja ninyooshe mgongo kidogo tu, nianze cha Jumatatu.”

Alijilaza juu ya chaga tupu, maranda ya mbao yamemjaa kichwani, na kabla hajavua hata kiatu cha pili, usingizi ulikuwa umeshamchukua.