Karabai Chini ya Makuti

Mama mkwe wangu alikuwa akifuturu mvuani. Msidhani natia chumvi, mvuani kweli. Mwaka ule Ramadhani ilituangukia katikati ya masika, Mwingereza bado yupo, Mwananyamala ikiwa mashamba na nyumba za hapa na pale. Jua likizama tu, yeye huchukua kikombe chake cha uji akatoka uani, akakaa chini ya upenu wa jiko uliokuwa ukivuja kila mahali. Sisi ndani, yeye nje anakohoa. Majirani wakaanza maneno yao: bibi harusi wa nyumba ile hamtaki mkwewe. Mie! Niliyekuwa nikimchemshia maji ya kuoga kila alfajiri!

Sababu ilikuwa taa. Nyumba yake ya zamani, kule Temeke, iliteketea kwa kibatari kilichotundikwa kwenye nguzo. Mumewe alirudi ndani kumtolea sanduku lake la nguo, hakutoka tena. Tangu siku hiyo mama hakukaa chini ya makuti penye taa inayowaka. Mpaka tuzime, ndipo aingie kulala. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu maskini nyoka mwenyewe alimwona kila jioni. Kifua chake kilinitia hofu. Nilijua masika yale yakiendelea vile, tutamzika.

Na taa tuliihitaji, jamani. Paa la ukumbi wetu lilikuwa refu, lenye mteremko mkali, maana makuti yakilala, maji nayo hulala juu yake yakayaozesha. Chemli ukiiweka kwenye jamvi iliangaza sahani yako na kidole gumba cha mwenzio, basi. Mwanga uliobaki ulimezwa na giza la huko juu. Kumi la kwanza la mfungo halijaisha, mwiba wa samaki umeshanikwama kooni, na mume wangu keshatumbukiza tende kwenye mchuzi akidhani ni uji.

Siku moja akaja na karabai, kaipata kwenye duka la mjini alikokuwa akifanya kazi. Akapanda, akaitundika kwenye boriti ya juu kabisa. "Iangaze nyumba nzima," akasema, kifua mbele. Ilipowashwa ikaanza kunguruma, na mama akatoka nje hata kikombe hakuchukua.

"We bwana una akili kweli?" nikamjia juu. "Umeyawekea makuti moto puani!"

"Sasa unataka tule gizani?"

"Nataka mama yako ale na sisi!"

Tuligombana kwa kunong'ona, maana mwezi ni mtukufu na majirani walikuwa karibu. Nilikuwa na hasira za karibu siku zile, na mpaka leo sijaziacha. Kesho yake nikamwamuru aishushe ile taa kwa waya mrefu mpaka usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, katikati ya jamvi, mbali na kuti lolote. Kisha nikatoa sinia langu la harusi, lile kubwa nililopewa na mama yangu mzazi, nikamkabidhi pamoja na nyundo na msumari.

"Litoboe."

"Sinia la harusi?"

"Litoboe kabla sijabadili mawazo."

Waya ukapita kwenye tundu, sinia likakaa juu ya karabai kama kofia. Joto likipanda likutane na sinia, na mwanga urudi chini kwenye chakula.

Mama aliyatazama yote hayo akiwa mlangoni. Magharibi ilipokaribia akaniletea kuti moja, limekauka mpaka linalia mkononi. "Lifungeni juu ya hilo sinia," akasema. "Nyie kuleni. Mie nakaa hapa nalitazama." Akavuta kigoda chake kizingitini, nusu ndani, nusu mvuani. Tukala, sijui hata tulikula nini. Macho yetu sote yalikuwa kwenye kuti lile, nami naomba kimoyomoyo, Yarabi usiniumbue. Adhana ya isha ilipolia mama akainuka, akalishika kuti kwa vidole viwili.

"Lina uvuguvugu tu," akasema, akaenda zake.

Jioni ya pili aliingia. Alikaa ukingoni mwa jamvi, tayari kukimbia, akala tende moja. Nilimpa uji bila kumtazama usoni, nisije nikamkumbusha kuogopa. Nje mvua ilikuwa ikimiminika, na ndani halikudondoka tone. Mara akauliza, "Huko juu kukoje?"

"Wapi, mama?"

"Kwenye paa. Liinamisheni hilo sinia."

Tukatazamana. Mume wangu akachukua mwiko, akalisukuma sinia upande, taratibu. Subhanallah! Mwanga ukapanda. Ukapita kuta, ukapita boriti, ukayapanda makuti safu kwa safu, kila safu imelalia mwenzake, mishono imenyooka, mpaka kileleni, na kilele chenyewe sikuwahi kujua kiko mbali vile. Yote yaling'aa rangi ya asali. Nimelala chini yake tangu niolewe, nimepika, nimenuna, kumbe sijawahi kuliona paa langu! Mwili ulinisisimka.

Mama alikuwa ameinua uso, mtandio umemwangukia mabegani, wala hajali.

"Nani alishona haya?" nikauliza.

"Mimi. Nikiwa ndani ya eda ya mume wangu. Kutoka siwezi, na mikono haikutaka kukaa bure. Wakaniletea majani na fito, nikashona mchana kutwa. Kila kuti la nyumba hii. Nilikuwa nashona huku nalia, mwanangu. Machozi hayakuniacha nione nilichokishona."

Mume wangu alikuwa bado amelishikilia lile sinia kwa mwiko, hakulishusha. Mama aliendelea kutazama, kona hadi kona, bila haraka.

"Safu ile pale nimeikosea," akasema, akionyesha kwa kidole.

Kisha akajisogeza mpaka katikati ya jamvi, chini ya taa kabisa, akaninyooshea kikombe.

"Nitilie mwingine. Huu umeshapoa."